Macho Hayana Pazia: Mwongozo Kamili wa Kutumia Mitandao ya Kijamii Bila Kuzidiwa na Tamaa ya Vitu

Nilikuwa nimelala ubavu, taa imezimwa, simu kiganjani, nikitazama video fupi ya mtu anatundika mapazia mapya sebuleni kwake. Mapazia ya kitani, rangi ya mchanga, marefu hadi yanagusa sakafu. Sikuwa natafuta mapazia. Yangu yalikuwa mazima, yanafunika dirisha lote, na asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimeyasogeza mwanga uingie bila kuwaza lolote. Video ilipojirudia mara ya tatu nikainua macho, nikayaangalia kwa mwanga wa skrini, na kwa mara ya kwanza yakaniudhi. Niliyaona mafupi. Niliyaona kama mapazia ya mtu ambaye mambo yake hayajamnyookea.

Chumbani mle hakuna kilichokuwa kimebadilika ila kipimo. Wahenga walisema macho hayana pazia, yaani jicho litaona linachokiona na huwezi kulikataza. Lakini kati ya kuona na kujiona umepungukiwa kuna nafasi, ndogo sana, na mambo mengi ya mitandao ya kijamii yametengenezwa ili nafasi hiyo isiwepo kabisa. Mwongozo huu ni wa kuirudisha. Sikuambii ufute akaunti zako wala uchukie vitu vizuri. Nakuomba ujifunze kukamata dakika ile ambayo kitu cha mtu mwingine kinageuka kuwa rula ya kujipimia wewe.

Kwanza tuelewe kinachotokea

Kujilinganisha hakukuanza na simu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba mtu anapokosa kipimo cha wazi cha kujua anaendeleaje, huwatazama wenzake. Urefu wako unaupima kwa futi kamba. Je, maisha yako kama yanakwenda vizuri utayapima kwa nini? Basi unamwangalia jirani, unamwangalia uliyesoma naye, unamwangalia ndugu yako. Zamani watu hao walikuwa wachache na uliwajua pande zote. Mwenye gari jipya ulijua pia kwamba halali usiku kwa madeni, au kwamba na mkewe hawasemezani. Mitandao imeongeza idadi ya tunaojilinganisha nao hadi haihesabiki, kisha ikatuonyesha upande mmoja tu wa kila mmoja wao. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini mtandaoni tunapita mbele ya milango siku nzima na hakuna hata mmoja unaofunguliwa.

Sasa hapo ndipo mali inapoingia. Picha haiwezi kuonyesha subira, wala uaminifu, wala usingizi mzuri. Inaonyesha viatu, sebule, safari, saa ya mkononi. Ukijilinganisha kwa picha, lazima utajilinganisha kwa vitu, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana.

Mwaka 1992 Marsha Richins na Scott Dawson walitunga dodoso la kupima jinsi mtu anavyoipa mali uzito, nalo linatumika hadi leo. Wanaitazama tabia hiyo katika nguzo tatu: mali kuwa katikati ya maisha, kuamini kwamba furaha itakuja ukishavipata, na kupima mafanikio ya mtu kwa vitu alivyo navyo. Mwaka 2014 Helga Dittmar na wenzake waliunganisha matokeo ya sampuli zaidi ya 250 na kuona kwamba, kwa wastani, kadiri mtu anavyoweka mali mbele ndivyo ustawi wa nafsi yake unavyopungua. Uhusiano wenyewe ni wa wastani, ila umejitokeza kwa namna nyingi za kupima. Lakini utafiti ninaourudia kichwani mara nyingi zaidi ni wa mwaka uliotangulia, 2013. Rik Pieters alichambua taarifa za watu zaidi ya 2,500 wa Uholanzi waliofuatiliwa kwa miaka 6, akitafuta kama kupenda vitu na upweke vinalishana. Vinalishana kweli, na upweke ndio unaosukuma zaidi. Lakini akaona jambo jingine: waliotumia vitu kama kipimo cha mafanikio au kama dawa ya huzuni walizidi kuwa wapweke, ilhali waliovifurahia vitu kwa ajili ya raha yake tu, upweke wao ulipungua.

Soma sentensi hiyo tena taratibu, maana mwongozo wote huu umesimama juu yake. Kupenda kiatu kizuri si ugonjwa. Shida inaanza kiatu kinapopewa kazi ya kujibu swali kwamba wewe ni nani.

Kuhusu mitandao yenyewe, mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kilichoko Bochum, Ujerumani, waliwahoji watu 1,230 na kuona mnyororo: wanaoweka mali mbele hujilinganisha zaidi, hutumia mitandao kwa kutazama tu bila kushiriki, huelekea kwenye matumizi ya uraibu, hupata msongo zaidi, na mwishoni hawaridhiki na maisha yao. Mnyororo huo hauthibitishi kipi kilianza. Inawezekana kabisa mtu asiyeridhika ndiye anayekimbilia simu. Pia tusitie chumvi: Amy Orben na Andrew Przybylski walipochambua takwimu kubwa za vijana mwaka 2019, matumizi ya teknolojia za kidijitali yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Kwa hiyo usihesabu saa peke yake. Angalia unachofanya ndani ya saa hizo.

Hatua ya kwanza: andika kwa siku saba bila kubadili chochote

Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana nyepesi. Usiiruke. Chukua daftari dogo, la karatasi, usitumie simu. Kila unapomaliza kuperuzi, andika mistari mitatu: nilikuwa na hali gani kabla ya kuishika simu, nimekaa muda gani, nimetoka nikitaka nini ambacho sikukitaka mwanzo. Huo mstari wa tatu ndio moyo wa zoezi.

Kwenye daftari langu, ukurasa wa siku ya pili unasomeka hivi: "Nimechoka, nimetoka kugombana kwa simu na mtu wa kazini. Dakika 40. Nataka mapazia, nataka taa ya mezani, nataka ngozi kama ya yule dada." Ukurasa wa siku ya tano: "Niko sawa, nasubiri maji yachemke. Dakika 6. Sitaki kitu." Sikuhitaji mtaalamu anisomee. Tamaa zangu hazikuwa zinatoka kwenye mapazia. Zilikuwa zinatoka kwenye uchovu na ugomvi, na video ilizipa tu sura ya kitambaa.

Muda usiukisie. Simu nyingi za sasa zina ukurasa kwenye mipangilio unaoonyesha umetumia dakika ngapi kwenye kila programu, na mara ngapi umeiwasha skrini. Nakili namba hizo kila usiku.

Kuandika kwenyewe kunaanza kusaidia. Katika utafiti wa Melissa Hunt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotoka mwaka 2018, wanafunzi 143 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilibana Facebook, Instagram na Snapchat kwa dakika 10 kila mmoja kwa siku, kwa wiki 3. Jingine liliendelea kama kawaida. Waliobana walipungukiwa upweke na dalili za sonona. Lakini makundi yote mawili, hata lile ambalo halikubana, yalipungukiwa wasiwasi na ile hofu ya kupitwa na mambo. Kilichoyaunganisha ni kwamba wote walikuwa wanafuatilia matumizi yao, na watafiti wakadhani huenda hilo ndilo lililosaidia.

Hatua ya pili: jua ni nguzo ipi inayokubeba

Baada ya siku saba kaa na daftari lako ujiulize maswali matatu. Je, kila siku nawaza kununua kitu? Je, kuna sentensi kichwani inayoanza na "nikipata fulani ndipo nitatulia"? Je, nikikutana na mtu nisiyemjua, kitu cha kwanza ninachokagua ni alichovaa na alichobeba?

Ukijibu ndiyo kwenye la kwanza tu, shida yako huenda ni mazoea ya kununua, na hatua ya nne ndiyo yako. La pili ni zito zaidi, kwa sababu umeiahirisha furaha. La tatu ndilo linalouma kuliko yote, maana anayewapima watu kwa vitu hujipima mwenyewe kwa rula hiyo hiyo usiku akiwa peke yake. Kama ni la tatu, tumia muda mwingi kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: safisha orodha ya unaowafuata

Hii ndiyo kazi kubwa. Tenga saa moja au mbili, mchana, ukiwa umeshiba na umetulia. Fungua orodha ya akaunti unazozifuata, moja baada ya nyingine. Kwa kila akaunti tazama machapisho yake matatu ya mwisho, kisha ufumbe macho kidogo na usikilize mwili: kifua kimefunguka au kimebana?

Akaunti zitajigawa zenyewe. Kuna zinazokufundisha au kukuchekesha au kukupa habari za watu unaowapenda, hizo ziache. Kuna zinazokuuzia kitu kila siku kwa sura ya urafiki. Hizo ziondoe bila huruma, maana mwenye akaunti hakujui na hataumia. Usemi wa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza haukutungwa kwa ajili ya mainfluensa, lakini ukiona kitu kinatembezwa mbele yako mara tano kwa siku, una haki ya kuuliza kwa nini kinahitaji kutembea kiasi hicho.

Kundi la tatu ndilo gumu: watu wako wa kweli ambao ukiona picha zao unanyong'onyea. Binamu aliyejenga, rafiki anayesafiri, uliyesoma naye ambaye biashara imemkubali. Hapa naomba uwe mkweli kwa upole. Kuna aina mbili za kuumia. Moja inasema "na mimi natamani nifike hapo", inakuinua ukafanye kazi. Nyingine inasema "kwa nini yeye?", na inakufurahisha akianguka. Ya pili ni husuda, na kuijua mapema si aibu. Aibu ni kuilea. Kwa mtu wa namna hii usiache kumfuata, utaleta maneno kwenye familia. Tumia kitufe cha kunyamazisha: machapisho yake hayatakufikia, naye hataambiwa. Halafu, na hii nasisitiza, mpigie simu. Muulize habari zake. Mara nyingi utasikia upande ambao picha haikuonyesha, na utakuta moyo umelainika. Rafiki yangu mmoja niliyekuwa nimemnyamazisha kwa miezi kadhaa kwa sababu ya picha za nyumba yake mpya aliniambia, dakika ya tatu ya mazungumzo, kwamba alikuwa anazipiga picha zile usiku kwa sababu nyumba ile ni kubwa na hana wa kuongea naye.

Kazi haijaisha. Mitandao mingi sasa haikuonyeshi tu unaowafuata. Inakuletea wageni kulingana na ulichokikodolea macho. Ukisimama sekunde kumi kwenye video ya mapazia, mtambo unasoma hizo sekunde kumi kama ombi. Kwa hiyo kila inapokuja video ya kuonyesha manunuzi, bonyeza sehemu ya kusema huvutiwi nayo, usiitazame hadi mwisho hata kwa hasira. Tafuta kwa makusudi mambo unayoyapenda yasiyouzwa: ndege, ushonaji, hesabu, mashairi, mpira. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili na ukurasa wako utaanza kubadilika.

Na unapotazama picha yoyote, kumbuka usione vyaelea, vimeundwa. Norwe imeweka sheria, inayotumika tangu Julai 2022, kwamba tangazo lenye picha ya mwili wa mtu iliyorekebishwa ukubwa, umbo au ngozi lazima liwe na alama ya kusema hivyo. Nchi haitungi sheria ya namna hiyo kwa jambo dogo.

Hatua ya nne: refusha njia kati ya jicho na mkoba

Zamani tamaa ilipaswa kutembea. Ulione duka, ulale, urudi, utoe fedha mfukoni uzihesabu. Katika safari hiyo tamaa nyingi zilikufa njiani. Siku hizi kuona, kutaka na kulipa ni kidole kimoja. Kazi yako ni kuirudisha safari.

Futa taarifa za kadi au akaunti ya malipo zilizohifadhiwa kwenye programu za ununuzi, ili kila mara ulazimike kuandika namba upya. Zima arifa zote za maduka. Ingia kwenye mipangilio ya matangazo ya kila mtandao na, pale inaporuhusiwa, uzime matangazo yanayolenga mwenendo wako. Matangazo hayataisha, ila yataacha kukujua kwa jina. Usinunue kitu chochote ukiwa kitandani.

Kisha fungua ukurasa wa nyuma wa lile daftari uanze orodha ya kusubiri. Kila unachokitaka baada ya kuperuzi, kiandike: jina la kitu, tarehe, na ulikiona wapi. Usijikataze, andika tu. Kitu kinaruhusiwa kununuliwa kikishatimiza siku 30 na bado unakitaka bila kwenda kukiangalia tena mtandaoni. Kama kinahitaji kuchochewa ndipo kiendelee kutamanika, basi tamaa hiyo haikuwa yako, ulikuwa umeiazima.

Mapazia ya kitani yako mstari wa kwanza wa orodha yangu. Siku ya 19 nilipita kwenye daftari nikasoma neno "mapazia" na ilinichukua muda kukumbuka yalikuwa ya rangi gani. Taa ya mezani, ambayo iko mstari wa pili, nilikuwa bado naitaka siku ya 30, kwa sababu nasoma usiku na macho yananiuma. Niliinunua, na ninaipenda sana.

Jihadhari pia na kitu kimoja kuzaa kingine. Mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot, karne ya 18, aliandika jinsi alivyopata vazi jipya jekundu la kuvaa nyumbani, na mara kila kilichomzunguka kikaonekana kimechakaa. Kiti chake cha nyasi kikampisha kiti cha ngozi, meza ikafuata, picha za ukutani zikafuata, hadi akawa analililia vazi lake kuukuu. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia Grant McCracken aliipa hali hiyo jina la Diderot. Kabla ya kununua jiulize: hiki kitakuja na vingapi nyuma yake? Kama jibu ni zaidi ya kimoja, kiandike kila kimoja kwenye orodha na ujumlishe bei ya vyote.

Hatua ya tano: punguza kutazama kimya, ongeza kusema na mtu

Mwaka 2013 Ethan Kross na wenzake waliwatumia watu 82 ujumbe mara 5 kwa siku kwa wiki 2, wakiwauliza wanajisikiaje na wametumia Facebook kiasi gani. Kadiri mtu alivyoitumia zaidi kati ya ujumbe mmoja na mwingine, ndivyo alivyojisikia vibaya zaidi ujumbe uliofuata ulipofika. Kuzungumza na watu moja kwa moja hakukuleta matokeo hayo. Tafiti za baadaye zimetofautisha kutazama kimya na kushiriki, na kwa jumla kutazama kimya ndiko kunakoamsha zaidi kijicho.

Kwa vitendo: ingia mtandaoni ukiwa na sababu unayoweza kuitaja kwa sentensi moja. Namjibu dada. Natafuta namna ya kuziba bomba. Ukimaliza, toka. Utaona ugumu wa kutoka, na ugumu huo umetengenezwa. Mwaka 2006 msanifu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ule unaoendelea kujileta kadiri unavyovuta kidole, na baadaye akasema hadharani kwamba anajutia. Ukurasa usipokuwa na mwisho, wewe ndiye uweke mwisho: saa ya kengele iliyo nje ya simu, dakika 15, ikilia unasimama wima. Kusimama kunasaidia kuliko kuahidi.

Simu ilale nje ya chumba cha kulala. Nunua saa ya kawaida ya kukuamsha. Hiyo huhitaji kuisubiri siku 30.

Hatua ya sita: na wewe unapoposti

Tunasahau kwamba sisi pia ni mlango wa mtu mwingine. Kabla ya kuweka picha ya kitu kipya, subiri hadi kesho. Kama kesho bado unataka kukionyesha, kionyeshe. Kama hamu imeisha, ujue ulichotaka kilikuwa laiki. Instagram imewaruhusu watumiaji kuficha idadi ya laiki tangu Mei 2021. Zifiche zako na za wengine kwa mwezi mmoja, uone kama bado unarudi kuchungulia.

Hatua ya saba: fedha iliyobaki na saa iliyobaki ziende mahali

Ukipunguza na usijaze, utarudi pale pale. Leaf Van Boven na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba watu kwa kawaida huridhika zaidi na fedha waliyoitumia kwa matukio, kama safari au tamasha, kuliko waliyoitumia kwa vitu. Matukio ni magumu kuyalinganisha na ya jirani, na mara nyingi tunayaishi pamoja na watu. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton waliwapa watu dola 5 au dola 20 asubuhi, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu, wengine wamnunulie mtu au watoe sadaka. Jioni waliotoa ndio waliokuwa na furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Kwa hiyo kila unapofuta kitu kwenye orodha ya kusubiri, chukua sehemu ndogo ya bei yake umfanyie mtu jambo, wiki hiyo hiyo.

Saa iliyopatikana ipangie kabla haijafika. Kulala ni mpango mzuri kabisa.

Kama una watoto nyumbani

Usianze na simu yao, anza na nafsi yao. Lan Nguyen Chaplin na Deborah Roedder John waliona, katika utafiti wa mwaka 2007, kwamba kupenda vitu hupanda mtoto anapoingia umri wa miaka 12 hadi 13, wakati ambao kujithamini kwake kunashuka, kisha hupungua anapokua. Wakawapa watoto waliokuwa kambini sahani za karatasi ambazo wenzao walikuwa wameandika maneno mema juu yao. Mtoto akasoma sahani yake. Baada ya hapo kiu ya vitu ikapungua, hasa kwa wale wa umri wa kubalehe. Sahani ya karatasi na maneno machache ya wenzake!

Basi mwambie mtoto wako jambo mahususi uliloliona kwake leo. Usimwambie tu "wewe ni mzuri". Mwambie "nimeona ulivyomsubiri mdogo wako afunge viatu". Mweleze pia tangazo linavyotengenezwa, mkae pamoja mkilichambua. Na akikuona wewe umeshika simu mezani, hayo yote yatapita sikio moja yatokee la pili.

Baada ya wiki nne

Kama unataka jaribio kali zaidi, acha mtandao mmoja kabisa kwa wiki 4. Hunt Allcott na wenzake walifanya hivyo na watumiaji wa Facebook wa Marekani mwaka 2018, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020: walioacha walipata takriban dakika 60 kwa siku, wakatumia nyingi pamoja na familia na marafiki au mbele ya televisheni, na furaha yao ikapanda kidogo. Walijua pia habari chache za yanayoendelea nchini, kwa hiyo tafuta njia nyingine ya kupata habari kabla ya kuacha. Kama riziki yako iko mtandaoni usiache. Tenganisha akaunti ya kazi na ya binafsi, na ile ya kazi isifuate mtu yeyote wa kujilinganisha naye.

Ukiona huzuni haiondoki kwa zaidi ya wiki mbili, hulali, huli, unakopa ili ununue au unaficha risiti kwa watu wa nyumbani, daftari halitoshi. Zungumza na daktari au mshauri nasaha, na umwambie na mtu mmoja unayemwamini ili usiende peke yako.

Wengine, rudieni siku saba za kuandika, mistari ile ile mitatu. Weka kurasa za mwanzo na za sasa sambamba mezani. Usiangalie dakika kwanza. Angalia mstari wa tatu, ule wa "nimetoka nikitaka nini". Kama bado ni mrefu, rudi hatua ya tatu na orodha ya unaowafuata, kwa sababu huenda kuna mtu mmoja au wawili uliowaruka ukijua.